Mraba Mweupe wa Trela ya Nyuma

Zeituni Athman alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake wa maabara mpaka wakaizoea: haamini hesabu yoyote ambayo hajaichora. Mpe milinganyo ya kurasa kumi na nne, atakutazama kama mgeni aliyetengewa obusuma, ugali wa kwao, bila mboga. Mpe picha ya milinganyo hiyo hiyo, hata iwe imechorwa nyuma ya bahasha kuukuu, ataishika kwa mikono miwili aanze kuisoma kwa furaha. Alipokuwa darasa la pili alichapwa viboko vinne kwa kupaka rangi makumi na mamoja kwenye daftari la hesabu. Viboko hivyo havikumfundisha kitu, ashukuriwe Mungu.

Alizaliwa Mayoni, kule Matungu, katika boma lililonuka dizeli. Baba yake, Mzee Athman, alikuwa na trekta moja na trela moja, na kwa miaka thelathini aliwabebea watu miwa kuipeleka kiwandani. Mzee alipoanza kuumwa mgongo, usukani aliushika Swaibu, mwanawe wa kiume, aliyemtangulia Zeituni kwa miaka mitatu. Zeituni yeye alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu kimoja mjini Kakamega, akamaliza, akabaki pale pale kusomea shahada ya pili huku akiwasaidia wanafunzi katika maabara ya kompyuta. Alikuwa na miaka ishirini na saba, chumba kimoja cha kupanga, na wasiwasi wa kudumu ambao mama yake aliuita ugonjwa.

Kazi yake ukiieleza vizuri si ya kutisha. Kompyuta yake haipewi nambari, inapewa herufi. Unaiambia: hapa kuna trekta, uzito wake ni herufi hii, nyuma yake kuna trela, urefu wa chuma chake cha kuvutia ni herufi ile, breki zinashika kwa nguvu ya herufi nyingine. Inazikoroga herufi hizo zote, kisha inakupa milinganyo inayosema chombo hicho kitayumba vipi barabarani. Shida ni kwamba ikianza kusema hainyamazi. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kupita kurasa kumi na nne za herufi na kujua kipi kimekosekana. Ndiyo maana Zeituni aliandika programu yake ya kuichora milinganyo: jedwali la miraba, nne kwa nne, kila mraba ukionyesha jinsi mwendo mmoja unavyousumbua mwingine. Uzito aliupa rangi ya buluu, magurudumu kijani, urefu manjano, breki nyekundu. Pasipokuwa na kitu palibaki peupe.

Mwezi wa Machi Mzee Athman alinunua trela ya pili, kuukuu lakini nzima, ili Swaibu avute mbili kwa safari moja badala ya kushinda kwenye foleni ya mizani mara mbili kwa siku. Kabla ya kuziunganisha, mzee alimpigia binti yake simu.

"Wewe si ndio umesomea hii maneno?" alimuuliza. "Niambie kama itatembea bila kuniulia mtoto."

Zeituni alikaa na hesabu hiyo wiki mbili. Ikawa sura nzima ya tasnifu yake. Jibu likatoka: salama, mradi Swaibu asizidi kilomita thelathini kwa saa. Mzee Athman alilitangaza jibu hilo msikitini, akalitangaza sokoni, akalitangaza hata kwa watu ambao hawakuwa wameuliza. Fundi wa kuchomelea akaambiwa aandike kwa rangi nyeupe nyuma ya trela mpya: IMEPIGIWA HESABU. Zeituni alipotumiwa picha ya maandishi hayo kwa simu alicheka, akaogopa kidogo, akacheka tena.

Ijumaa moja ya mwezi wa Juni ndiyo iliwekwa kuwa siku ya dua. Kwao chombo kipya hakiingii barabarani kabla hakijasomewa. Watu wangetoka kuswali, waje bomani wale, waombe, kisha saa tisa Swaibu aondoke na trela zote mbili zimejaa miwa, watu wote wakiangalia. Zeituni aliomba radhi kwamba hatakuja. Jumanne iliyofuata alikuwa anaitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa, na picha za ile sura ya trela alikuwa hajazitoa, kwa kuwa programu ya kuchora ilikuwa imekamilika wiki ile ile; hesabu ya Machi, kinyume cha tabia yake, aliiamini bila kuichora.

Basi saa tatu asubuhi alikuwa maabara, akailisha programu yake milinganyo ya mwezi wa Machi, na picha ikatokea. Ilikuwa nzuri. Buluu imejaa katikati, kijani imetambaa pembeni, manjano imepita kote. Aliitazama kwa majivuno kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akaona kwamba hakumbuki kuiona nyekundu.

Akaiambia programu izime rangi nyingine zote, iache nyekundu peke yake. Mraba mmoja wa trekta, juu kushoto, ukabaki umewaka. Ile mingine kumi na mitano ikawa myeupe, na wa trela ya nyuma, chini kulia kabisa, ulikuwa mweupe pe.

Maana ya picha ile haikuhitaji profesa: kwa mujibu wa milinganyo yake, Swaibu akikanyaga breki, trela hazina habari. Na Zeituni alikulia juu ya trekta. Alijua kwamba ukishika breki mteremkoni, trela isiyo na breki yake haisimami kwa adabu nyuma yako. Inakusukuma. Mbili zikikusukuma kwa pamoja, na zimejaa, kasi ya kilomita thelathini ni nyingi mno. Hata kumi na tano ni nyingi.

Alijipa moyo kwamba kosa liko kwenye programu ya kuchora. Aliiandika yeye mwenyewe, kwa haraka, na yeye si malaika. Akachukua karatasi mbili na kalamu, akaandika mfano mdogo kabisa: trekta moja, trela moja, breki. Akaupiga kwa mkono, kama walivyofanya watu kabla ya umeme. Nguvu ya breki ikatokea pale pale ilipostahili, kwenye mraba wa trela. Akaipa kompyuta mfano huo huo. Mraba mweupe. Programu ya kuchora ilikuwa inasema kweli. Kilichokosea ni milinganyo.

Ilimchukua saa nzima kupata mahali penyewe, na alipopapata alitamani ardhi ipasuke. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa tatu wa kazi yake, na mstari huo kila mtu wa maabara ile alikuwa nao.

Ukitaka kuelewa ni lazima uijue mvua ya Kakamega. Mvua hiyo ina ratiba kuliko basi la kampuni. Asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa radi, na radi ikilia tu umeme unakatika na kazi yote ya kompyuta inakufa katikati. Mashine za maabara zilikuwa nzee, na milinganyo ya herufi inakula saa nyingi. Kwa hiyo Daktari Shikanga, msimamizi wa Zeituni, aliwarithisha wanafunzi wake desturi moja: vitu vidogo vikatwe mwanzoni kabisa, ili kompyuta imalize kabla ya mvua. "Kidogo ni sufuri," ndivyo alivyopenda kusema, na wanafunzi wakaliimba neno hilo kama wimbo wa shule. Trela ikipinda kidogo, kosaini ya pembe yake inakaribia moja. Basi iite moja, endelea, mbio, wingu linakuja.

Ingekuwa mwishoni, isingekuwa neno. Mwanzoni ni msiba. Hako kabaki kadogo kanakotupwa, tofauti ya kosaini na moja, ndiko kanakobeba msukumo wa breki, na kompyuta ikianza kupiga hesabu zake, hako kabaki hakabaki kadogo tena. Ni kutupa mbegu kwa sababu ni ndogo, halafu ukalaumu shamba kwa kutoota. Mdharau mwiba mguu huota tende, na Zeituni alikuwa ameudharau mwiba huo kwa kalamu yake mwenyewe, akauita sufuri.

Saa nne na nusu aliirudisha kompyuta kazini, safari hii bila kukata chochote. Ilihitaji muda wa saa nne hivi. Simu aliigeuza kifudifudi juu ya meza.

Hapo ndipo mtu angetamani kumtikisa mabega. Mpigie! Lakini alikaa. Alijiambia kwamba anangoja kuwa na hakika. Haifai kuharibu sherehe ya watu kwa karatasi mbili za mkono. Ukweli ni kwamba alimwogopa baba yake. Aliogopa ile sauti itakayoshuka taratibu, aliogopa kuwa yule binti aliyemvua mzee nguo mbele ya msikiti mzima, na kwa saa moja u nusu aliiogopa aibu hiyo kuliko alivyouogopa mteremko wa kwenda mtoni, ule wa njia ya kiwandani. Baadaye alikuja kulikiri hilo bila kulipamba. Saa moja u nusu, akiutazama mshale wa kompyuta ukizunguka.

Beldina, mwenzake wa meza ya pili, ndiye aliyemzindua.

"Zeituni, hujasogea hapo tangu asubuhi. Kuna nini?"

Akamweleza. Beldina hakuangalia hata picha.

"Na hujapiga simu? Wewe ni mzima kweli? Piga saa hii!"

Simu ya baba ilikuwa imezimwa. Saa sita ya Ijumaa. Mzee alishatawadha, alishaondoka. Ya Swaibu ililia mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena, na mara ya nane ikapokewa na Hadijah, mke wa Swaibu.

"Assalamu alaikum, wifi," alisema Hadijah. "Ameacha simu kwa chaji. Anaachanga tu hivi akienda msikiti."

"Wa alaikumu salaam. Wifi, nisikilize. Trela zimefungwa?"

"Zote mbili. Zimejaa tangu asubuhi. Wacha uone vile zinapendeza!"

"Mwambie baba ile ya nyuma isitoke. Mwambie nimekosea hesabu."

Ikasikika sauti ya masufuria.

"Mimi, wifi? Niende kwa baba mkwe, mbele ya wageni, nimwambie hivyo?" Hadijah hakuwa na ukaidi, alikuwa na hofu. Katika boma lile mke wa mwana hata chai hamkabidhi baba mkwe mkononi, anaiweka mezani na kurudi nyuma. "Swaibu nitamwambia nikimpata. Lakini wanatoka msikiti pamoja, wanakaa na wanaume mpaka anaondoka. Wifi, kuja mwenyewe. Kuja mbio."

Zeituni alikunja zile karatasi mbili akazitia kwenye blauzi. Kompyuta alimwachia Beldina, ampigie mara tu jibu litakapotoka. Nje ya geti alimpata Tyson, kijana wa bodaboda aliyemzoea, akamwambia Mayoni.

"Mayoni ya Matungu? Madam, hapo mvua inatukuta njiani."

"Itukute."

Iliwakuta kabla hawajafika Mumias. Tyson alitaka kusimama chini ya kibanda kama wenzake, Zeituni akamkataza, na kijana wa watu akaendelea huku amefinya macho na kunung'unika. Njia nzima Zeituni alikuwa anapiga hesabu asiyoitaka: saa tisa wanaondoka, dakika kumi na tano kufika mteremkoni, tani ngapi mbele, tani ngapi nyuma. Alimwona Swaibu akiinua mguu kukanyaga breki. Hakuweza kuliendeleza wazo hilo na hakuweza kuliacha. Akajaribu tena simu ya baba, ikawa bado imezimwa; ya Swaibu ikalia bure. Alisoma kila aya aliyoijua, na alipozimaliza akazirudia.

Simu ikatetemeka. Beldina.

"Imefika wapi?" Zeituni alipiga kelele ndani ya mvua.

"Umeme umepotea. Radi imepiga, kila kitu imezima. Ilikuwa imebaki kidogo tu. Pole sana, dada."

Basi alikuwa anakwenda mikono mitupu. Angesimama mbele ya baba yake na kuivunja hesabu ya wiki mbili kwa karatasi mbili zilizolowa. Kwa mara ya kwanza alilifikiria neno lenyewe: na kama mimi ndiye ninayekosea sasa? Kama mwezi wa Machi ndio nilikuwa sahihi? Hakumwambia Tyson ageuze.

Saa tisa kasorobo waliingia bomani. Huku mvua ilikuwa imepita bila kukaa. Dua ilikuwa imekwisha, sahani zilikuwa zinakusanywa, na trekta ilikuwa inaunguruma, Swaibu juu yake katika shati jipya. Nyuma yake trela mbili zimerundikwa miwa mpaka juu. Wazee waliovaa kanzu walikuwa wamesimama kuiaga.

Zeituni alishuka kwenye pikipiki, nguo zimemganda mwilini, akapita katikati ya wageni bila kumpa mtu mkono, akasimama mbele ya trekta.

"Baba, trela ya nyuma isitoke. Nimekosea."

Mzee Athman alimtazama binti yake, akawatazama wageni, akamrudia binti yake. Ile sauti ikashuka taratibu, kama alivyoiogopa.

"Umekosea nini?"

"Hesabu ya breki. Nilitupa kitu nikidhani ni kidogo. Akishika breki kwa mteremko, hizi trela zitamsukuma, zitamgeuza."

"Kompyuta imesema?"

"Kompyuta imezima. Umeme ulipotea."

"Sasa wewe uko na nini?"

Alizitoa zile karatasi. Wino ulikuwa umechuruzika, lakini mistari ilionekana. Mzee hakuzipokea.

"Miezi mitatu umeniambia inaenda," alisema. "Nimewaambia watu. Nimewalisha watu leo. Sasa unaniambia haiendi. Zeituni, mimi nikuamini siku gani?"

Zeituni alizishusha karatasi.

"Leo, baba," alisema. "Ile siku ingine usiniamini. Niamini leo."

Mzee alifungua kinywa, na hakuna ajuaye alikuwa anataka kusema nini, kwa sababu wakati huo huo trekta ilizimwa. Swaibu alishuka, akaja akasimama kando ya dada yake, uso ameuelekeza chini.

"Baba," alisema, "hiyo kitu inasukumanga."

"Unasema nini wewe?"

"Juzi Jumanne niliijaribu zote mbili bila mzigo. Nilienda nayo mpaka pale mteremko unaangalia mto. Nikashika breki. Ile ya nyuma ikasukuma ya mbele, ya mbele ikanisukuma mimi, trekta ikaenda kando hadi nikaona mtaro. Sijui ilisimama aje. Nilikaa hapo chini kama nusu saa ndio mikono ikaweza kushika usukani."

"Jumanne!" Mzee Athman alisogea hatua moja. "Na hukuniambia? Leo imejaa tani, na ulikuwa unaondoka nayo?"

"Ningesema nini, baba?" Swaibu aliinua macho, lakini hakumtazama baba yake. Alimtazama Zeituni. "Huyu alikuwa amepiga hesabu. Alisema iko sawa. Mimi nikajua ni woga wangu tu."

Zeituni alikuwa ameombea njia nzima apate ushahidi. Sasa alikuwa ameupata, na alitamani asingeusikia. Kaka yake alikuwa amekiona kifo Jumanne kwa macho yake, akarudi nyumbani, akavaa shati jipya, akapanda tena, kwa sababu yeye alisema ni salama. Alilia hadharani, kwa sauti, mtu mzima anayesomea shahada ya pili, na hakujali nani anamwona.

Mzee Athman aliwageukia wageni. Aliwashukuru kwa kuja, akawaambia chai bado ipo, wasiondoke. Kisha akavua kofia yake, akajipangusa uso nayo, akaenda mwenyewe kwenye kiungo cha trela ya nyuma. Aliinama na mgongo wake mbovu, akaishika pini ya chuma, akaanza kuivuta. Ilikuwa imekaza kwa uzito wa miwa. Vijana wawili walitaka kumsaidia, akawafukuza kwa mkono.

Zeituni aliketi chini pale pale kwenye majani yaliyolowa, akaigeuza karatasi moja upande wake mtupu, akaomba kalamu. Hadijah, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, ndiye aliyemletea.

"Swaibu," alisema, "kaa hapa. Nionyeshe. Uliposhika breki, ni nini ilianza?"

Swaibu alichuchumaa mbele yake. Akainua viganja viwili, kimoja mbele ya kingine, trekta na trela, na kile cha nyuma kikaanza kukisukuma cha mbele, polepole, kando, kando zaidi. Zeituni akaanza kuchora.